Kupeleka umeme kwenye gereji iliyojitenga na nyumba

Gereji iliyoshikana na nyumba haina taabu: unatoboa ukuta, unapitisha waya, basi. Ile iliyosimama peke yake uani ni habari nyingine. Kati ya kisanduku cha breka cha nyumbani na soketi ya kule kuna udongo, maji, mizizi, jembe la mtu atakayepanda maua miaka mitano ijayo, na ethi (waya unaounganisha vyuma na ardhi) ambayo isipofikiriwa vizuri inaweza kuwa hatari yenyewe.

Soketi, taa na kisanduku unaweza kuvibadilisha siku yoyote kwa bisibisi. Kebo iliyolala chini ya ardhi huibadilishi bila kuchimba upya. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye kebo na ethi, na kwenye soketi tutapita mbio.

Na kabla ya yote, ekstensheni iliyotandazwa kwenye nyasi na kupita chini ya mlango haihesabiki kuwa umeme wa gereji. Ukiitumia kwa kazi ya saa moja, ikunjue yote, kwa sababu ikibaki imeviringwa kwenye rili joto halina pa kutokea. Angalia rili yenyewe: nyingi zimeandikwa viwango viwili, kimoja ikiwa imekunjuliwa na kingine, kidogo zaidi, ikiwa imeviringwa.

Hatua ya 1: Orodhesha mzigo

Chukua karatasi uandike kila kitu kitakachowashwa mle ndani, pamoja na vile unavyotarajia kununua baadaye. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Hesabu zote za hapa ni za 230 V. Kwenye nchi zinazotumia mfumo wa 120/240 V kanuni ya hesabu ni ile ile ila namba na mpangilio wa waya hubadilika.

Taa za LED hazina uzito: tano za 20 W ni 100 W, hata nusu ampea haifiki. Grainda ya mkono huwa kati ya 700 na 2,000 W. Kompresa yenye mota ya 2.2 kW hula karibu 14 A ikishachanganya, kwa kuwa kW za mota ni nguvu inayotoa, na inayovuta ni zaidi ya hiyo. Mashine ndogo ya kuchomelea inaweza kudai 20 A au zaidi. Chaja ya gari la umeme ya 7.4 kW huvuta 32 A, tena kwa saa nyingi mfululizo, na hapo ndipo inapotofautiana na vifaa vingine vyote. Grainda inapumzika ukipumzika wewe, lakini chaja inaipa kebo usiku mzima wa joto.

Usijumlishe kila kitu. Mtu mmoja ana mikono miwili. Hakati chuma na kuchomelea kwa wakati mmoja. Jumlisha vinavyojiendesha vyenyewe (kompresa, friji, feni, chaja), ongeza taa, kisha ongeza kifaa kikubwa kimoja cha mkononi. Kwa karakana ya mtu mmoja isiyo na chaja ya gari, laini ya 32 A mara nyingi inatosha na kubaki. Ukiweka chaja, kwanza angalia fyuzi kuu ya nyumba na jiko la umeme na hita ya maji vinavyokula kutoka hapo hapo. Gereji haileti umeme wake, inagawiwa uliopo.

Kama orodha yako ina taa mbili na chaji ya simu tu, simama hapo kwanza. Paneli ndogo ya sola na betri inaweza kukuondolea mtaro mzima.

Hatua ya 2: Kibali, na nani afanye nini

Sehemu nyingi sheria inataka laini mpya ya jengo la pili isajiliwe, ifanywe au ithibitishwe na fundi umeme mwenye leseni, na ikaguliwe. Uliza mapema ikiwa mkaguzi anataka kuuona mtaro ukiwa wazi. Ukifukia kabla hajafika, utachimba tena.

Mgawanyo wa kazi unaopunguza gharama bila kuhatarisha mtu ni huu: wewe chimba, tandika mabomba, funga vibao na masanduku, toboa kuta. Fundi aunganishe pande zote mbili, apime, na asaini. Kukubaliana naye kuhusu njia na unene wa kebo kabla ya jembe la kwanza ni muhimu kuliko kumwita mwisho akute mambo yamekwisha.

Uliza pia kuhusu mabomba ya maji, gesi, maji taka na kebo za simu zilizopo. Pasipo na ramani, chimba kwa mkono.

Hatua ya 3: Pima njia, kisha chagua kebo

Umbali unaouona kwa macho si urefu wa kebo. Kebo inashuka kutoka kwenye kisanduku, inapita ukutani, inaingia ardhini, inazunguka shimo la maji taka, inapanda tena upande wa pili. Mita 22 za uwanja zinaweza kuwa mita 30 za kebo. Pima kwa kamba ukiifuata njia yenyewe.

Sasa tufike kwenye kosa linalorudiwa kuliko yote: kuchagua kebo kwa ampea peke yake. Kebo inaweza kubeba 32 A bila kuchemka na bado ikakufikishia umeme uliochoka, kwa kuwa kila mita ya shaba hupoteza volti kidogo. Majedwali ya kebo ya shaba ya nyuzi mbili huonyesha upotevu huo kwa milivolti kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi vikiwa vimeshahesabiwa: 11 kwa kebo ya 4 mm², 7.3 kwa 6 mm², 4.4 kwa 10 mm², na 2.8 kwa 16 mm².

Zidisha namba hiyo kwa ampea na kwa mita, ugawanye kwa 1,000. Kwa mita 30 na 32 A unapata:

4 mm²: volti 10.6, yaani asilimia 4.6 ya 230 V
6 mm²: volti 7.0, asilimia 3.05
10 mm²: volti 4.2, asilimia 1.8

Viwango vinavyotumika sana ni asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vingine, na hesabu huanzia pale umeme unapoingia nyumbani hadi kwenye taa ya mwisho ya gereji. Maana yake ni kwamba kebo ya mtaroni hairuhusiwi kula posho yote. Ile ya 6 mm² imeshaimaliza posho ya taa kabla hujafunga waya hata mmoja ndani ya gereji. Ya 10 mm² inakuachia nafasi. Kwa umbali huu na mzigo huu ningeweka 10 bila kubishana na mtu. Tofauti ya bei kati ya 6 na 10 ni ndogo ukiilinganisha na kuchimba mara ya pili.

Mota inakaza kamba zaidi. Kompresa ya 14 A, wakati wa kuanza kuzunguka, inaweza kuvuta mara sita ya hapo kwa muda mfupi, kama 84 A. Fanya hesabu ile ile kwa kebo ya 4 mm², mita 30: kwa makadirio ya juu unafika karibu volti 28. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hushuka kwa mraba wa volteji, kwa hiyo volteji ikipungua asilimia 12, msukumo unapungua kwa karibu robo. Ndipo unapoisikia kompresa ikinguruma bila kuzunguka huku taa zikififia, na mwenye gereji anailaumu kompresa.

Aina ya kebo: kwa ardhini, iliyo rahisi kuaminika ni kebo yenye deraya, ile iliyovikwa nyuzi za chuma chini ya ganda la nje. Nyuzi hizo zikiunganishwa na ethi upande wa nyumbani, jembe likipenya linagusa chuma chenye ethi kabla ya kugusa waya wa moto, na ulinzi unakata. Njia ya pili ni waya zinazofaa mahali penye unyevu ndani ya bomba la plastiki la umeme. Bomba lina faida moja kubwa: waya zinaweza kuvutwa na kubadilishwa baadaye. Kebo ya kawaida ya ndani ya nyumba, hata ikiingizwa kwenye bomba, haifai. Mabomba ya ardhini hujaa maji ya mvuke hata yakizibwa vizuri.

Ukipewa alumini kwa sababu ya bei, kumbuka ukinzani wake ni karibu mara 1.6 ya shaba. Panda ukubwa, na tumia viunganishi vilivyotengenezwa kwa alumini.

Kupitisha hewani inawezekana ikiwa ardhi ni mwamba mtupu. Kebo ibebwe na waya wa chuma uliokazwa, si ijibebe yenyewe, na urefu wake juu ya njia ya magari uwe ule unaotajwa na kanuni za mahali ulipo. Mimi huona njia ya hewani kama ya mwisho, kwa kuwa matawi na malori marefu hayaulizi.

Hatua ya 4: Mtaro

Kina cha milimita 600 kinakubalika sehemu nyingi. Chini ya njia ya magari ongeza au weka bomba gumu. Upana wa jembe unatosha. Usikate kona kali: kebo yenye deraya ina kipimo chake cha kukunjwa, na bomba lenye kona nyingi halivutiki waya. Kati ya sehemu moja ya kuvutia na nyingine, kona zote zisizidi nne za nyuzi 90. Ikibidi zaidi, weka sanduku la kuvutia katikati.

Ondoa mawe sakafuni mwa mtaro, mwaga mchanga wa sentimita 5 hadi 10, laza kebo, funika kwa mchanga tena. Jiwe lenye ncha linalokandamizwa na udongo kwa miaka hulitoboa ganda polepole, na tatizo linajitokeza wakati hakuna anayekumbuka lilianzia wapi. Rudisha udongo kidogo, tandaza utepe wa tahadhari wa rangi kali kwa urefu wote, kisha jaza na kushindilia kwa tabaka.

Mtaro ukiwa wazi bado, weka bomba la pili tupu lenye kamba ndani. Utalihitaji kwa intaneti, kamera, kengele au kitu ambacho bado hujakifikiria. Waya za mawasiliano zisichanganywe na za umeme kwenye bomba moja.

Piga picha mtaro mzima ukiwa na futi ya kupimia imelazwa kutoka ukutani hadi kwenye kebo. Picha hiyo ichapishwe na kuwekwa ndani ya mlango wa kisanduku. Simu hupotea.

Pale bomba linapoingia jengo, ziba ncha zake. Maji yanayoteremka kwenye bomba kutoka mtaroni huishia ndani ya kisanduku, na sisimizi nao hupenda njia hiyo.

Hatua ya 5: Ethi

Hapa ndipo mafundi wazuri hubishana, na wana sababu.

Swali ni hili: chuma cha grainda, fremu ya mlango na kisanduku cha gereji vitegemee ethi ya nani? Kuna nyumba ambazo ethi yake inatumia waya ule ule wa nyutro (unaorudisha mkondo) kule barabarani. Waya huo ukikatika, kila chuma kilichounganishwa na ethi ya nyumba kinaweza kupanda hadi volteji ya hatari. Ndani ya nyumba athari hupungua kwa kuwa mabomba na vyuma vyote vimefungwa pamoja, vinapanda pamoja. Gerejini umesimama kwenye zege lenye unyevu, miguu yako ikiwa kwenye ardhi halisi, mkono ukiwa kwenye chuma chenye volteji ya nyumbani. Mwili wako ndio unaoziunganisha.

Majibu ni mawili, na kanuni za nchi yako ndizo zitakazoamua lipi.

La kwanza: peleka ethi ya nyumba pamoja na kebo kwa waya wenye unene wa kutosha, na ufunge vyuma vyote vya jengo la gereji (nguzo, bomba la maji) kwenye ethi hiyo. Kwenye mifumo ya 120/240 V ya Marekani, laini mpya hupelekwa na waya nne: laivu (waya wa moto) mbili, nyutro na ethi, kisha fito la ethi, chuma kirefu, linapigwa ardhini penye gereji na kuunganishwa na baa ya ethi.

La pili: ethi ya nyumba iishie ukingoni. Deraya ya kebo isiguse ethi ya gereji, na gereji iwe na fito lake yenyewe pamoja na breka ya mvujo, ile yenye kitufe cha T na maandishi RCD.

Katika jibu la pili breka ya mvujo ni ya lazima kabisa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Tuseme fito lako lina ukinzani wa ohm 25, ambao ni mzuri. Waya wa moto ukigusa chuma, mkondo utakaorudi kupitia ardhi ni 230 gawanya kwa 25, yaani 9.2 A. Breka ya 32 A haitashtuka hata kidogo. Itaona ni kifaa tu kinachofanya kazi, na chuma kitaendelea kusubiri mkono. Breka ya mvujo ya 30 mA (mA ni sehemu ya elfu ya ampea) itakata, kwa kuwa yenyewe hupima tofauti kati ya mkondo unaokwenda na unaorudi. Kwa hiyo anayekuambia "nimepiga fito, uko salama" amekueleza nusu ya habari.

Fito lipigwe kwenye udongo wa asili wenye unyevunyevu, si kwenye kifusi cha mtaro mpya. Ukinzani wake upimwe kwa kipimo cha ethi. Kwa gereji yenye RCD, chini ya ohm 200 ndilo lengo la kawaida, maana juu ya hapo usomaji hutangatanga kiangazi na masika.

Jambo moja halina mjadala kwenye laini mpya yenye waya wake wa ethi: nyutro na ethi zisiunganishwe ndani ya kisanduku cha gereji. Visanduku vingine huuzwa vikiwa na skrubu au kipande cha shaba kinachoziunganisha. Kitoe. Zikigusana hapo, mkondo wa kawaida wa kila siku utakuwa unarudi nyumbani kupitia deraya, mabomba na fito, na RCD nazo zitakata bila sababu inayoonekana.

Hatua ya 6: Visanduku na saketi

Upande wa nyumbani, kebo ianzie kwenye breka yake yenyewe, yenye ampea zisizozidi uwezo wa kebo. Ulinzi wa mvujo uwekwe gerejini. Ukiweka 30 mA nyumbani na nyingine 30 mA gerejini, hujui ipi itatangulia kukata, na utakuwa unatembea hadi nyumbani gizani. Pale kanuni zinapodai ulinzi wa mvujo mwanzoni pia, tumia ile inayochelewa kukata, yenye alama ya S.

Gerejini, swichi kuu ikate laivu na nyutro kwa pamoja na ifikike bila kuruka gari. Breka za taa ziwe za aina B. Za kompresa na mashine ya kuchomelea aina C, kwa kuwa aina B hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5 ya kiwango chake na mota itaiangusha kila ikiwashwa. Aina C husubiri hadi mara 5 hadi 10.

Taa ziwe na saketi yake, tena kwenye RCD tofauti na ya soketi ukiweza. Kubaki gizani ukiwa umeshika msumeno unaoendelea kuzunguka ni jambo la kuepukwa.

Soketi ziwe juu ya usawa wa meza, mita 1 hadi 1.2. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Cheche usiziweke huko. Palipo na unyevu chukua vifuniko vya IP44 au zaidi, na palipo na vumbi IP54 (namba ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ya maji). Weka nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7: Kabla ya kuwasha

Zima breka ya nyumbani, ifunge kwa kufuli, bandika karatasi. Jaribu kipimo chako kwenye umeme unaojua upo, kisha kwenye waya unaotaka kuugusa, kisha rudi kwenye ule uliopo. Mara ya tatu ndiyo inayokuambia kipimo hakikufa katikati.

Fundi atapima mwendelezo wa ethi hadi soketi ya mwisho, na ukinzani wa kihami (ganda linalozuia umeme kutoka kwenye waya) kwa 500 V vifaa vikiwa vimechomolewa. Kiwango cha chini ni megaohm 1, lakini kebo mpya ikisoma namba ndogo namna hiyo ina jeraha mahali; yapasa isome mamia. Kipimo hiki kifanyike mara mbili, mara ya kwanza kabla ya kufukia. Kisha mpangilio wa laivu na nyutro, na muda wa RCD: ile ya 30 mA isizidi milisekunde 300 kwa mkondo wake. Dai karatasi ya matokeo.

RCD ikikata mvua ya kwanza ikinyesha

Hutokea, na watu hukimbilia kubadilisha RCD. Chomoa kila kitu kwanza. Ikishika, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi ukipate kibaya. Isiposhika, zima breka zote ndogo, washa RCD, kisha inua breka moja moja. Ile itakayoiangusha ndiyo saketi yenye maji, na mara nyingi ni taa ya nje au soketi ya ukutani upande wa mvua. Ikiwa inakata hata breka zote zikiwa chini, usiiachie RCD lawama bado: breka ndogo nyingi hukata laivu tu, na nyutro iliyogusa ethi kwenye sanduku lililoloa inaendelea kuvujisha. Hapo fundi atazima laini yote, atenganishe nyutro za saketi kwenye baa na kupima kihami cha kila moja. Kebo ya mtaroni yenyewe iko kabla ya RCD hiyo, upande wa nyumbani, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayoikata. Ikijeruhiwa yenyewe, itakayokata ni breka ya nyumbani.